Kamba Zilizopumzishwa Siku ya Sabato

Kamba ikukwazayo mchana ndiyo ikulazayo usiku.

Ndivyo alivyosema mama yenu mdogo jana jikoni, Nakaniwa alipolalamika kwamba bweni lao lina masharti mengi kuliko gereza. Nyinyi mkacheka, mkaniuliza, "Bibi, kamba gani hiyo, imkwaze mtu kisha imlaze?" Nikawaambia ngojeni nimalize kuchambua maharage. Sasa maharage yamekwisha. Sogeeni, na aliye karibu na moto aangalie chungu. Methali hii ilizaliwa namna hii.

Watu wa milimani Upareni walikuwa wakishuka kila mwaka kwenda makambi, mavuno yakishaingia ghalani. Makambi si matembezi. Ni juma zima la kusali, kuimba na kusikiliza mahubiri, na kila familia huja na hema lake, vyungu vyake na magodoro yake. Uwanja wenyewe uliitwa Mvungwe, chini kabisa ya mlima, penye nyasi fupi na udongo mwekundu. Ukisimama barabarani ukatazama bondeni, ungedhani uyoga umeota baada ya mvua.

Katika uyoga ule palikuwa na hema la mwanamke aitwaye Nakijwa.

Nakijwa alikuwa msafi. Sisemi usafi huu wa kufagia na kudeki. Alikuwa msafi wa kupiga pasi hata kitambaa cha kushikia sufuria. Majirani walimsengenya kwamba kwake hata kuku hujifuta miguu kabla ya kukatiza uani. Naye alipoyasikia hakukasirika. Alisema, "Wangejifuta kweli, ningewaongezea mahindi."

Mwaka ule alikuwa na sababu ya kuzidisha. Binti yake, Namsifu, alikuwa amependana na kijana wa ng'ambo ya mlima, Kajiru, fundi seremala. Posa ilikuwa haijaja. Ilikuwa inangoja neno la mtu mmoja tu, mama wa kijana. Na Mama Kajiru, wajukuu zangu, alikuwa na jina lake. Ilisemwa kwamba haposi kwa macho ya mwanawe. Huja mwenyewe, akaketi, akala, akatazama. Kabla ya Namsifu kulikuwa na wasichana wengine wawili. Alikwenda, alikula, akaaga kwa heshima, na mguu wake haukuonekana tena huko. Watu wakasema mmoja kamkataa kwa sababu ya kata chafu ya maji. Wa pili hakuna aliyejua, na hilo ndilo lililotisha zaidi.

Sasa habari ikafika Mvungwe kwamba Mama Kajiru na mumewe watakula chakula cha mchana cha Sabato kwenye hema la Nakijwa.

"Haji kula," Nakijwa alimwambia mumewe, Zefania. "Anakuja kukagua."

"Akague. Tuna sufuria na tuna Mungu. Vyote viwili vinaonekana."

"Wewe fanya mzaha. Asipomtaka mtoto wangu, nitakuuliza wewe."

Zefania alikuwa mtu wa polepole, mwimbaji wa besi. Hema lile alilisimamisha mwenyewe kama alivyofundishwa na baba yake, kwa kamba ndefu za katani zilizovutwa mbali pande zote. Kila kamba ilikuwa na kigingi chake cha mti mgumu, kimepigiliwa kwa kuinama, kichwa kikitazama nje. Wengine walifunga kamba fupi fupi, nyingine zimeshikwa kwa mawe tu. Za Zefania zilitoka mbele ya hema zikaenda mpaka njiani. Zilikuwa za manjano, zina manyoya kama mkia wa mbuzi mzee. Na zilikwaza watu.

Siku ya kwanza kamba moja ilimkwaza Nakijwa mwenyewe, sinia la vikombe mkononi. Namsifu ilimwangusha kila alipotoka kuchota maji. Kisha akaja Mzee Kinyasi, mzee wa kanisa, kuwajulia hali. Mguu ukanasa, akapiga magoti mbele ya hema na kofia mkononi.

"Mzee ameanza maombi mapema leo!" mtu wa hema la jirani akasema. Kicheko kikatembea mstari mzima wa mahema hadi kisimani.

Jioni Nakijwa akamkabili mumewe. "Baba Namsifu, kamba zako za mbele zitaniua."

"Haziui. Zinakwaza tu."

"Zisogeze basi."

"Nikizisogeza hazivuti. Kamba ya hema ni kama mkono wa mtu anayekokota ng'ombe. Ukikunja kiwiko, ng'ombe anakushinda."

"Ng'ombe gani, baba? Mimi naona kamba tu hapa."

"Ng'ombe hajafika," Zefania akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Siku zote zile hewa ilikuwa imetulia. Moshi wa majiko ulipanda wima kama nguzo. Nakijwa akautazama ule moshi, akamtazama mumewe, akanyamaza. Kunyamaza kwake hakukuwa kukubali.

Sabato ikafika. Zefania akatoka mapema kwenda kwaya. Nakijwa akasimama mlangoni pa hema, akafumba macho, akamwona Mama Kajiru anakuja. Alimwona mrefu vile alivyo, gauni jeupe limefika kisiginoni, kitambaa cha kichwa kimesimama kama mnara. Akauona mguu wake unakaribia kamba. Hakutaka kuona kilichofuata. Akafumbua macho, akaokota jiwe.

Namsifu akatoa kichwa nje. "Mama, unang'oa vigingi?"

"Naondoa mitego."

"Baba atasema."

"Baba yako saa hizi anaimba. Atasema jioni, wageni wakishaondoka. Hebu lete lile jamvi."

Akaving'oa vigingi vyote vya mbele, akazikunja kamba mviringo, nzuri, kama vitumbua, akazichomeka chini ya upindo wa hema. Pale zilipokuwa kamba akatandika jamvi, na pande zote mbili akapanga makopo ya maua aliyoazima kwa kila aliyekuwa nayo. Ndani akapitisha shuka jeupe katikati, lenye kingo zilizofumwa kwa mkono, liwe pazia. Mbele ya pazia akaweka mikeka, chakula kilichopikwa tangu Ijumaa na birika la mchaichai. Nyuma ya pazia akatupa kila kibaya alichonacho: sufuria nyeusi, magunia, mabuti ya Zefania, godoro lililotoboka. Na Namsifu naye akaambiwa akae huko huko. Kwa desturi ya siku zile, msichana anayetazamwa huleta maji ya kunawa, huinamisha kichwa, kisha hupotea.

Hema likapendeza. Watu wa mstari ule walipita wakasimama kulitazama. Nakijwa akasikia moyo wake umekaa mahali pake.

Ibada ilipokwisha, Zefania akarudi na wageni nyuma yake. Alipofika mlangoni akapunguza mwendo.

"Kamba za mbele ziko wapi?" akanong'ona.

"Zimepumzika," Nakijwa akanong'ona naye. "Leo ni Sabato."

Zefania akafungua kinywa, lakini wageni walikuwa wamekwisha kufika. Akakifunga.

Mama Kajiru akapita juu ya jamvi, kati ya maua, bila kujikwaa popote. Mumewe, Mzee Mchome, alikuwa mtu mdogo, mpole, mwenye macho ya kutafuta chakula kilipo. Kajiru mwenyewe hakuja. Kijana hakai mahali anapotazamiwa mchumba. Namsifu akaleta maji, akainama, akapotea nyuma ya shuka.

Posa haitajwi siku ya Sabato, na haikutajwa. Lakini macho hayana Sabato. Mama Kajiru alitazama mikeka, akatazama vikombe, akashika ukingo wa shuka kwa vidole viwili.

"Nani amefuma?"

"Binti yetu, dada."

"Hm."

Nakijwa akaichunguza ile "hm" kila upande. Hakujua kama ni ya mvua au ya jua.

"Makande haya yamewekwa maziwa?" akauliza Mzee Mchome.

"Yamewekwa, shemeji."

"Basi niongezee."

"Umekwisha kuongezewa, Baba Kajiru," mkewe akasema bila kugeuka.

"Ile ilikuwa ya kuonja."

Nakijwa akacheka, akapakua, akaanza kuona kwamba mambo yanakwenda. Wakati anarudisha mwiko ndipo alipoona maua. Yalikuwa yanatikisika. Kisha kitabu cha nyimbo kilichokuwa mkekani kikaanza kujifungua chenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta wimbo asiouona.

Zefania akaweka kijiko chini. "Ng'ombe amefika," akasema.

Upepo uliteremka kutoka korongo la mlimani kwa mkupuo mmoja, ukaingia kwa ule mlango mzuri usio na kitu cha kuushika. Hema likavuta pumzi. Upande wa mbele ukainuka, ukapanda juu, kitambaa chote kikapinduka kuelekea nyuma kama mtu anayevua shati kwa kichwa. Nguzo zikaanguka nje. Vigingi vya nyuma vilijitahidi, kisha vikang'oka kimoja kimoja kama meno ya mtoto. Hema likaondoka, na pazia likaondoka nalo.

Wakabaki wameketi juani, sahani mapajani. Hakuna aliyeumia. Mzee Mchome alikuwa na kijiko nusu ya njia kwenda kinywani. Na pale lilipokuwa pazia, mbele ya mstari mzima wa mahema, vilionekana sufuria nyeusi, magunia, mabuti, godoro lililotoboka, na Namsifu amechuchumaa, shingo ameinyosha, mkono ameuweka sikioni. Alikuwa anasikiliza.

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Nakijwa aliona ardhi imechelewa kupasuka. Alitaka kusema "karibuni tena," hakujua kwa nini, na hata hilo halikutoka. Yamekwisha, akajisemea. Mtoto wangu amekosa mume kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini Namsifu hakuwa na nafasi ya kuona haya. Hema lilikuwa linabingirika kuelekea korongo la upande wa nyikani, na korongo lile lilikuwa limejaa miba. Likiingia mle litatoka vipande vipande, na usiku watalala wapi? Akajifunga khanga kiunoni.

"Mama, linakwenda!" akapiga kelele, akalikimbilia.

Kamba moja ya manjano ilikuwa imejikunjua, inaburuta nyuma ya hema kama mkia. Namsifu akairukia, akaishika kwa mikono miwili. Hema likamkokota. Alivuta, likavuta zaidi. Miguu yake ikawa inaandika mistari katika udongo mwekundu.

Ndipo mtu mwingine akapita mbio mbele ya Nakijwa, mrefu, peku, gauni jeupe amelikunja mpaka magotini. Viatu vyake vilibaki mkekani vimeelekeana kwa adabu.

"Keti, binti!" Mama Kajiru alikuwa anafoka. "Usivute, keti! Ukivuta linakupeleka. Ukiketi linachoka!"

Akaidaka kamba nyuma ya Namsifu, wote wawili wakajibwaga chini, visigino wamevichimbia ardhini. Hema likasota kidogo, likapiga kelele za kitambaa, likasimama. Korongo lilikuwa pale pale mbele yao. Zefania na Nakijwa walipofika walilikalia, wakalikunja, upepo ukipita juu ya vichwa vyao ukielekea nyikani kutafuta hema jingine.

Wakalirudisha lilipotoka. Nguzo zikasimamishwa. Mama Kajiru akaokota jiwe.

"Dada, nakusihi," Nakijwa akasema. "Wewe ni mgeni, na leo ni Sabato. Huwezi kupigilia vigingi."

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, tunamwacha mpaka Jumapili?"

"Hatumwachi."

"Basi huyu ndiye ng'ombe wako. Shika kigingi, na vidole uviweke mbali."

Zefania akatazama kando ili mkewe asimwone anavyotabasamu.

Walipofika upande wa mbele, Mama Kajiru akaokota kamba moja iliyokuwa bado imekunjwa mviringo. Akaigeuzageuza.

"Hii haikung'olewa na upepo. Upepo haukunji vizuri hivi. Ni nani?"

Zefania akautazama mlima. Mzee Mchome akaitazama sahani yake, maana alikuwa ameibeba. Nakijwa akafuta mikono kwenye gauni lake la Sabato, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Ni mimi, dada. Baba Namsifu alinionya. Niliogopa utajikwaa mlangoni pangu, uanguke mbele za watu, uondoke na hasira. Niliogopa mtoto wangu atakosa mume kwa sababu ya kamba."

Mama Kajiru akamtazama. Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumbo, na mumewe akageuka kukitazama kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu wa siku nyingi. Alipomaliza kucheka uso wake ukatulia. Akamgeukia Namsifu.

"Binti, leo siposi. Nauliza tu, na kuuliza si kazi. Unajua watu wanasema nini juu yangu?"

Namsifu akainamisha kichwa. "Nimesikia, mama."

"Wanasema niliwakataa wasichana wawili. Sikuwakataa. Wao ndio walionikataa. Nilipokwisha kula kwao na kuondoka, wakatuma habari kwamba kijana wanampenda ila mama yake hawamwezi. Nami sikubisha, kwa sababu ni kweli. Mimi ni kamba kama hii. Kwangu watu hujikwaa. Nitauliza kama mlango umefungwa. Nitauliza kama maji yamefunikwa. Nitauliza leo, nitauliza na kesho. Mke wa mwanangu mkubwa mwaka wa kwanza alikuwa akisikia kikohozi changu anajificha ghalani. Kwa hiyo nakuuliza mapema. Kama ni wa kuning'oa, ning'oe leo, kabla sijapigiliwa."

Hata wale majirani waliokuwa wanacheka walisogea, maana walitaka kusikia. Nakijwa alitamani amjibie binti yake, neno lolote tamu, lakini aliona kwamba hili si jamvi la kutandika yeye.

Namsifu aliitazama mikono yake. Katani ilikuwa imeichubua.

"Mama," akasema, "kamba hii imeniangusha juma zima. Nilimwomba baba aikate, hakunisikiliza, nikamnunia. Lakini usiku nilikuwa nalala nikaamka asubuhi, sikuwahi kujiuliza nani ameshika hema. Leo nimeona ni kamba hii hii. Kamba ikukwazayo mchana ndiyo ikulazayo usiku." Akainua kichwa. "Wewe kaza tu. Mimi nitajifunza kuinua mguu."

Mama Kajiru aliinama, akakipiga kigingi cha kamba ile, akakipiga tena, na tena, hata kilipokuwa kimekwisha kuingia. Alipoinuka alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akasema vumbi la Mvungwe ni baya sana.

Kisha akavaa viatu. "Baba Kajiru, weka sahani ya watu chini. Tunarudi kesho, na safari hii tunakuja na wazee."

"Na makande yatakuwepo?" akauliza Mzee Mchome.

"Yatakuwepo, shemeji," Nakijwa akasema. Wakati huo ndipo alipoanza kulia na kucheka pamoja, kwa hiyo neno lilitoka limevunjika, lakini lilieleweka.

Jioni ile Zefania alizunguka uwanja mzima wa makambi na jiwe mkononi, kila hema likimwita awavutie kamba kama zake. Na lile neno la Namsifu lilizunguka pamoja naye. Makambi yalipokwisha lilipanda mlima migongoni mwa watu, pamoja na magodoro na vyungu. Leo linasemwa na watu ambao hawajalala hemani hata siku moja.

Namsifu aliolewa. Alikaa na mama mkwe wake nyumba moja miaka mingi. Msidhani hawakukwazana. Walikwazana kwa chumvi, kwa mlango, kwa namna ya kufunga ndama. Lakini sauti zilipoanza kupanda, mmoja wao alisimama katikati ya ua, akauinua mguu juu polepole, kama mtu anayevuka kitu ambacho wengine hawakioni. Mwenzake akaona, akajizuia, akashindwa, akacheka. Usiku kila mmoja akaenda kulala, na nyumba ikasimama.

Ndiyo maana husemwa: kamba ikukwazayo mchana ndiyo ikulazayo usiku.